Kibonge Hataki Kula

Mtaalamu wa lishe alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wa plastiki, kijiko mkononi, akinguruma kama ndege inayotafuta pa kutua. Bega la koti lake lilishapata viazi vya kuponda. Ndege ilizunguka, ikashuka, ikafika mdomoni. Mdomo ukafungwa.

"Vruuum," alisema mtaalamu, safari hii bila matumaini.

Kibonge, ambaye hata miaka miwili hajafikisha, alimtazama kama watu wanavyomtazama mlevi barabarani, kisha akageukia ukuta.

Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni, mkoba wake mkubwa kwapani. Alisonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kutoka kooni, hata watoto wengine wakaacha kula wakamtazama.

"Huyu ndiye mliyesema amesoma?" aliuliza. "Amesomea kunguruma?"

Mwenye kituo hicho cha kulelea watoto alicheka. Alikuwa mwanamke wa kucheka kila wakati, hata pasipo na kichekesho, na ukuta wa ofisi yake ulijaa vyeti vya kila namna, kimoja cha kuzima moto. Tangu Kibonge aletwe hapo, kituo kizima kilikuwa kimehangaika naye. Walimbadilishia sahani: ya bluu, ya njano, yenye picha ya sungura. Walichonga karoti zikawa nyota. Mpishi aliambiwa apunguze chumvi, kisha aongeze, kisha akaombwa asionekane kabisa, huenda mtoto anaogopa sura yake. Mpishi alinuna, chakula cha wote kikaungua, na Kibonge hakufungua mdomo.

Kituo kilikaa na watoto hadi mchana tu, na mlo ulikuwa huo mmoja. Mtoto asiyeula alirudishwa kwao, wasije wakalaumiwa. Siku za Kibonge zilikuwa zinakwisha.

Aliyeng'ang'ania kituo ni mama yake, fundi wa kushona kiwandani, aliyeingia zamu kabla hakujapambazuka. Mtoto achangamane na wenzake, alimwambia bibi, na wewe mama upumzike. Kupumzika! Bibi alilirudia neno hilo kwa majirani wote kama tusi. Amelea watoto watano, mmoja wao ndiye mume wa huyo huyo mkwe, leo anaambiwa akae kando, mjukuu wake alelewe na wazima moto. Alichotaka ni kitu kimoja, naye hakukificha: Kibonge arudi mgongoni kwake.

Hata hivyo ni yeye aliyemleta kila asubuhi, na kila asubuhi walichelewa. Alifika lango likikaribia kufungwa, akampangusa mtoto mdomo kwa leso, akamkabidhi kwa maneno yale yale: "Hajatia kitu mdomoni tangu aamke. Haya, onyesheni huo ujuzi wenu."

Leo walimwomba abaki ashuhudie ujuzi wenyewe. Mtaalamu alisimama, akajifuta bega.

"Mama, kwa mtoto anayeshinda njaa, mbona mashavu yake..."

"Amevimba huyo! Hujui kuwa njaa inavimbisha? Walikufundisha nini?"

Kibonge akacheua.

"Gesi," alisema mtaalamu haraka, akifurahi kupata kitu anachokijua. "Tumbo likikaa tupu hujaa gesi." Akamgeukia tena bibi. "Na nyumbani asubuhi? Kwa mkono wako mwenyewe?"

"Si nimeshawaambia? Hata tone!"

Mtaalamu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Bibi alimtazama tangu viatu hadi miwani, akajiuliza ni nani anayemlipa mtu huyu mshahara.

Hapo ndipo mama mtoto alipoingia, bado amevaa aproni ya kiwandani, nyuzi zimemganda mikononi. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Hakukaa.

"Nimekuja kumtoa," alisema.

Mwenye kituo alicheka, na kwa mara ya kwanza alikuwa na sababu. Bibi naye alishusha mkoba chini, akanyoosha mikono miwili.

"Haya, baba, njoo. Si nilisema? Nani alinisikiliza?"

Lakini mkwe alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto mgongoni kwake mwenyewe.

"Mama, nia yangu ilikuwa nikurudishie wewe. Nilikuwa nimejiandaa hata kukuomba radhi. Jioni kwangu anakula vizuri, nikasema tatizo ni hapa kituoni. Ila jana walinieleza maneno unayowaambia kila asubuhi. Kumbe hata wewe umemshindwa, unanificha nisije nikaumia. Umechoka, mama, na wala si aibu. Mama yangu amekubali nimpeleke kwake, akae naye mpaka aanze shule. Basi letu linaondoka mchana huu."

"Kwa mama yako? Mbali kote huko?" Sauti ya bibi ilikatika. "Lakini huyu mtoto, asubuhi, mimi..."

Wote walimgeukia: mtaalamu, mwenye kituo, na mpishi aliyekuwa akichungulia dirishani.

"Wewe nini, mama?"

Bibi alifunga mdomo, akageukia ukuta.

Alipotoka alikwenda hadi nyuma ya duka la dawa, kwenye benchi ambalo mtu aliye langoni hawezi kuliona, akakaa upande wake, upande wa pili akauacha wazi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Akatoa mkobani chupa ya chai na kikombe kidogo chenye masikio mawili, akainamisha chupa. Uji wa asubuhi ulikuwa bado wa moto, lakini haukufika hata nusu ya kikombe. Kibonge si mtoto wa kusaza.