Blanketi Alilolikataa Mwajabu

Je, umewahi kusimama mbele ya kitu ulichokikataa mwenyewe, na watu wote wanakishangilia?

Ndivyo alivyosimama Mwajabu katika ukumbi wa maonyesho, mbele ya blanketi la viraka lililopata zawadi ya kwanza. Vipande vya kanga vilikuwa vimeungwa vikawa kama bustani, mishono yake midogo kama punje za ulezi. Lingekuwa lake. Wifi yake Siwema alilishona kwa mkono, akamtunza nalo siku ya harusi. Lakini lilipofunuliwa mbele ya wanawake, mashoga zake waliangua kicheko: "Bibi harusi kaletewa matambara!" Mwajabu akacheka nao, akalirudisha.

Leo mashoga wale wale walikuwa wakisukumana wapige nalo picha.

"Karibu, wifi," Siwema alisema nyuma yake. "Umekuja kuyaona matambara?"

Mwajabu alitaka kuyageuza maneno hayo kuwa utani, lakini safari hii hakucheka. Akanyoosha mkono, akalishika pindo.

"Haliguswi hilo, mama!" mlinzi akamkemea, na ukumbi mzima ukageuka.

Hakuliachia.

"Nililitaka, wifi," akasema, mashoga zake wakimsikia. "Siku ile ile nililitaka."