Kona Aliyoimwagia Maji

Asubuhi Somoe aliimwagia maji kona ile, ili vumbi lisimpofue mumewe kwenye mashindano ya magari. Mbaruku alikwisha apa: asiposhinda leo, usukani hataugusa tena. Na sasa gari lake limezama pale pale, wenzake wanampita wakipiga honi.

"Kitendawili!" mtazamaji mmoja alipaza sauti.

"Tega!"

"Hukimbia, hafiki."

"Mume wa Somoe!"

Mbaruku alifoka, "Nani kamwaga maji hapa?" Magurudumu yalimrushia mkewe tope hadi usoni.

"Kanyaga mafuta, bwana, maswali baadaye!"

Somoe akaivua kanga ya begani, ile ya harusi yake, akaitandika chini ya gurudumu. Gurudumu likaanza kuila, pindo kwanza, kisha maandishi.