Kasuku wa Marehemu

Hitima ya Mzee Shekue ilikuwa imekwisha na kahawa inamiminwa sebuleni, kasuku wake alipopaza sauti, sauti ya marehemu mwenyewe: "Niachie, Kombo! Nakosa pumzi!"

Watu waliduwaa. Walikuwa wameambiwa Shekue alifia usingizini, peke yake.

Kombo, mdogo wake, aliyekuwa akigawa tende, akacheka kwa nguvu. "Jamani, msimjali huyo ndege. Haelewi hata neno moja. Yeye hurudia tu alichosikia."

Kahawa ilifurika kikombeni, ikamwagikia mkeka. Kicheko kikamkauka Kombo mdomoni.

Ndipo mkono wa mjane, aliyekuwa edani na asiyepaswa kuonwa na wanaume, ukalishika pazia la chumbani na kulifungua.