Bingwa wa Hatua ya Tatu

Kidole gumba cha mzee kilibonyeza kushoto. Chombo cha anga kwenye runinga kikaenda kulia.

"Umeiona hiyo?" mzee akauliza bila kugeuza shingo.

"Nimeiona, baba. Umewachanganya kabisa!"

Mchumba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, shati limepigwa pasi, magoti yamebanana kama ya mtu anayesubiri kung'olewa jino. Alikuja kuomba kumwoa binti wa nyumba hii. Mwenye kauli ya mwisho, kwa hesabu zake, alikuwa huyu mkaguzi wa mizani mstaafu, ambaye badala ya kumuuliza habari za kazi na ukoo alimwonyesha nafasi kando yake na kuwasha gemu. Ilikuwa ile ya enzi za mashine za kutumbukiza sarafu: chombo kimoja kidogo kinasonga mbele, nyota zinapita nyuma yake, maadui wanamiminika kutoka upande wa pili. Siku hizi unaipata kwenye kimashine cha nyumbani, pamoja na gemu nyingine zote za rika lake.

Tatizo ni kwamba mzee hakuwa anacheza. Taa ya padi ya kuchezea aliyoishika, ile isiyo na waya, ilikuwa imezimika. Chini ya skrini maneno yaliwaka na kuzima, yakimwomba mchezaji abonyeze kitufe ili aanze. Gemu hizi zisipopata mtu hujicheza zenyewe ili kuvutia wapita njia. Zikifika mahali fulani chombo kinalipuka, kisha zinaanza upya. Mchumba aliyajua hayo yote. Utoto wake aliumalizia kwenye mashine hizo.

Lakini yeye hakupanda cheo kwa kusema anayoyajua. Alikuwa msaidizi wa mkurugenzi katika kampuni ya bima, na nafasi hiyo aliipata kwa kucheka vichekesho vya mkurugenzi kabla havijafika mwisho. Asubuhi binti alimshika mkono, akamwambia, "Ukifika kwetu, kuwa wewe tu. Basi." Naye alikuwa tayari kumtii kwa lolote. Alimpenda yule binti kiasi kwamba siku asiyopigiwa simu naye, chakula hakipiti kooni.

"Watu walidhani kazi yangu ni kuwahoji wenye maduka," mzee alisema, huku chombo kikikwepa mabomu. "Mizani huiulizi, kijana. Unaiwekea jiwe ambalo uzito wake unaujua mwenyewe, halafu unaiacha iseme."

"Maneno mazito hayo, baba," mchumba alijibu. Hakuwa amesikia hata moja. Alikuwa anautazama mwamba ule ambapo chombo hulipuka kila mara.

Kikalipuka.

"Aaa!" Mchumba alijipiga paja. "Wamekuonea! Mkono wako haukuwa na kosa lolote."

Mzee aliweka padi mezani, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Kwenye runinga chombo kilianza safari upya. Kikapiga, kikapanda, kikashuka.

Mchumba alisogea mbele. "Hata bila kushika, baba!"

"Hata bila kushika," mzee alikubali.

"Huo sasa ndio uzoefu."

"Unaona hivyo, mwanangu?"

Mwanangu! Mchumba alisikia raha mpaka kwenye nyayo. Mkurugenzi mwenyewe hajawahi kumwita hivyo, pamoja na vicheko vyote vile.

Binti aliingia na trei: birika la chai, vikombe viwili na bakuli la sukari lililofunikwa. Aliitazama runinga, akaitazama padi iliyolala mezani, kisha akamtazama mchumba wake.

"Mbona kama haijaanza?" aliuliza taratibu.

"Haijaanza wapi! Baba yuko hatua ya tatu." Akamkonyeza asimharibie.

Binti alilisogeza bakuli la sukari mpaka mbele ya mchumba. "Ukihitaji kitu, sema tu," alisema. "Tafadhali."

"Mimi? Niko sawa kabisa!"

Binti alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, kisha akarudi jikoni.

"Hebu shika wewe," mzee akasema.

Padi ilikuwa nyepesi ajabu. Mchumba aliipokea kwa mikono miwili, akaanza kubonyeza. Aliinamia kushoto chombo kilipokuwa kimeshapita, akasaga meno, kwapa likalowa. Mzee alimpigia makofi.

"Pale pale! Kumbe unajua! Umejifunzia wapi?"

"Kwako, baba. Nimekuwa nakuangalia tu."

Na kidogo kidogo aibu ikamwisha. Alipolivuka kundi la tatu la maadui, alianza kuona kwamba kweli ana kipaji, na kwamba kwa mazoezi kidogo angeweza kufika mbali. Chombo kilipolipuka kwenye mwamba ule ule, aliumia kwa dhati.

Mzee alizima runinga.

"Sasa, baba," mchumba alisema, akijiweka sawa, "kuhusu lile jambo lililonileta. Nasubiri kauli yako."

"Yangu?" Mzee alicheka, lakini si kwa furaha. "Mimi humu ndani ni mchezaji tu. Mimina chai. Tia sukari."

Mchumba alifunua bakuli. Hapakuwa na sukari. Palikuwa na betri mbili mpya, zimelazwa vizuri juu ya kitambaa safi.

"Baba," sauti ya binti ilitoka jikoni, "amesema?"

"Hajasema, mama," mzee alijibu. "Mgeni anaaga."