Mama wa Tunu

Sheria ilikuwa moja: mtoto wa kulelewa havuki mpaka na kumbukumbu za kwao. Hutolewa kichwani mwake, zikatiwa kichwani mwa mama mpya, zisije zikapotea. Kwa hiyo Mwanaidi na mumewe Shekue walipovuka bahari kwenda Bukini kumchukua Tunu, binti wa miaka minne, Mwanaidi alilazwa saa nzima chini ya mashine, akaamka amebeba utoto usio wake.

Waliporudi Tanga, Tunu alikula, akacheka, na siku ya tatu akamwita Mwanaidi mama. Aliyeshindwa kula ni Mwanaidi. Kila alipomsuka mtoto, alihisi vidole vya mwanamke mwingine kwenye nywele zake mwenyewe.

“Mama yake si walisema ni marehemu?” Shekue alimwuliza. “Utamlilia mpaka lini, mke wangu?”

Katika kumbukumbu ya mwisho ya Tunu, Mwanaidi alikuwa akimwona yule mwanamke, mzima wa afya, mlangoni mwa kituo cha watoto, akimfunga Tunu viatu. “Nisubiri hapa, mwanangu. Nitarudi Ijumaa.”

“Ndiyo, ni marehemu,” alijibu.

Uani Tunu akaita, “Mama!”

“Abee, mwanangu!” Mwanaidi aliitika upesi, kana kwamba yupo mwingine ambaye angewahi kuitika.