Jiwe la Jikoni kwa Yotham

“Ndoo ya lita kumi inamhemesha, halafu anataka aitwe mwenye jiko,” Yotham alisema. “Mwambie apumzike, kaka. Mifupa imekwisha hiyo.”

“Imekwishia kwenye zabibu zako,” Restuta alimjibu.

Mzee Mazengo, kaka yake Yotham, aliinua mkono wanyamaze. Alikuwa ameitwa asubuhi ile kuamua jambo moja tu: jiko la nyumba ile ya Hombolo libaki kwa Restuta, mke wa kwanza, au lihamie kwa Lea, aliyeletwa mwaka juzi. Mwenye jiko ndiye mwenye funguo za ghala na neno la mwisho uani. Asiye nalo angehamia chumba cha nyuma, ubavuni mwa zizi, akasubiri kupakuliwa.

Upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio. Mazengo alikuwa amejifunika shuka mpaka kidevuni. Lea, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, alikaa mkekani huku jasho linamtiririka shingoni, akijipepea kwa ncha ya khanga.

“Na wewe unajipepea nini na baridi hii?” Yotham alimuuliza.

Lea alizidi kujipepea. Restuta aliona, na moyoni alifurahi. Joto lile alilijua. Hata kwake lilianza hivyohivyo, kabla siku zake hazijakoma. Basi zamu ya Lea ilikuwa njiani, naye angeona.

Restuta mwenyewe alikuwa ameshaona. Mwaka ule kabla Lea hajaja, aliteleza bombani, akaanguka kama mtu anayeketi tu, na mkono ukavunjika. Daktari wa mazoezi wa mjini alimweleza bila kuzunguka: hedhi ikikoma, mifupa na misuli hupungua upesi, na kukaa bure ndiko kunakoimaliza kabisa. Yotham naye alieleza kwa namna yake, mbele ya vibarua wa zabibu. Alisema mwanamke aliyekoma ni bua la mtama, limebaki la kuwashia moto. Vibarua walicheka. Restuta alisema atarudi kwao.

“Nenda,” Yotham alimwambia. “Beba na jiwe lako.”

Katika ukoo ule bibi harusi huja na jiwe la kusagia kutoka kwa mama yake. Hulibeba mwenyewe kutoka langoni mpaka jikoni, na hakuna anayeruhusiwa kumpokea. Siku hizi unga unasagwa mashineni na jiwe limebaki la karanga, lakini sheria yake haijafutwa. Jiwe likiwa jikoni, mwenye jiwe ni mke. Akikimbia na kuliacha, wazee watamfuata na kumrudisha. Lea peke yake alikuja mikono mitupu, kwa kuwa Yotham alimwahidi jiwe la Restuta.

Mkono ukiwa kwenye plasta, Restuta hakwenda popote.

Plasta ilipotoka, alianza. Alikaa na kusimama kwenye kigoda bila kushika kitu, mpaka mapaja yakatetemeka. Alipanda kilima cha nyuma ya shamba na ndoo ya mchanga, kwanza robo, kisha nusu, kisha zaidi, kama daktari alivyompangia. Maziwa aliyokuwa akiwaachia wengine sasa aliyanywa. Dagaa aliwatafuna na vichwa vyao. Siku za uvivu alikumbuka vicheko vya vibarua, na miguu ikapata nguvu. Lakini mbele ya Yotham alitembea ameinama, na kila ndoo ya maji aliitua njiani akihema.

“Tusipoteze siku,” Mazengo alisema, akimgeukia Restuta. “Jiwe ndilo lililomwingiza, jiwe litaamua. Mama Denis, ukilinyanyua, jiko ni lako mpaka ufe. Likikushinda, ni la Lea.”

“Utamvunja bure, kaka,” Yotham alisema, akimgeukia Lea huku anacheka. “Kapange vyungu vyako.”

Lea hakuinuka. “Na mimi siku zangu zikikoma, baba?”

“Wewe bado,” Yotham alisema, kama mtu aliyeulizwa habari za mvua.

Restuta aliingia jikoni. Kupitia mlangoni walimwona akilisogeza kando jiwe dogo linaloshikwa mkononi wakati wa kusaga, akichuchumaa mbele ya lile kubwa, mgongo umenyooka. Akalikumbatia. Akasimama nalo taratibu, kama anavyosimama mtu mwenye mtoto aliyelala kifuani.

Yotham aliacha kucheka.

“Basi, imekwisha,” Mazengo alisema. “Jiko ni lake. Litue, Mama Denis.”

Restuta hakulitua. Alitoka nalo jikoni, akaupita mkeka, akalipita ghala, akashika njia ya langoni.

“Unalipeleka wapi?” Yotham aliuliza.

“Uliniambia nilibebe.”

“Zabibu wiki ijayo zinavunwa! Nani atasimamia?”

“Muulize mwenye jiko,” Restuta alisema bila kugeuka. “Nimekuachia mke ambaye bado.”

Akalivuka lango. Yotham alimtazama kaka yake. Mazengo alitazama chini. Jiwe lilikuwa limeshatoka, na mke aliyetoka na jiwe lake harudishwi.

“Lea,” Yotham aliita, “injika ugali.”

Mkekani hapakuwa na mtu. Lea alikuwa anatoka jikoni, khanga ameifunga kiunoni, mkononi ameshika lile jiwe dogo. Alimpita Yotham bila kumtazama, na alipofika langoni akapaza sauti.

“Dada, nisubiri.”