Ada ya Kutua

Zamani, ndege walipokuwa bado wanasomea kuruka, Korongo alikuwa na shule ya urubani, na ada yake ilikuwa samaki wa msimu mzima. Kunguru naye akafungua ya kwake jirani, kwa samaki mmoja tu.

Bata alijiunga kwa Korongo, akabaki kula majani. Kila siku alifundishwa kutua: kwenye upepo, kwenye matope, na mzigo mgongoni. Kanga alijiunga kwa Kunguru, na jioni ileile akawa angani.

"Bata kaliwa samaki wake bure!" Kunguru alicheka. "Kushuka nako kunasomewa? Hata jiwe hushuka!"

Kanga alikuwa akishukia vichakani, kichwa mbele. Lakini alianguka peke yake, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Masika yakaja. Kunguru alivunjika bawa, na mafuriko yakamzingira juu ya kichuguu. Kanga akaja mbio, akabwagika kando yake kifudifudi.

"Mwalimu, panda mgongoni nikuvushe."

Kunguru aliyatazama maji. Akamtazama mwanafunzi wake, matope hadi kishungini.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Hebu nenda kaniitie Bata."